Ukutani, kwa picha ama kwa kazi ya mikono: kukumbuka mauaji ya kimbari kwa sanaa hapa Nairobi

Hii nimeandikia wale wako na kikundi, iwe ni vijana wa mtaa, kilabu ya sanaa ya shule, kanisa ama familia za watu walitoka Rwanda, Kongo ama Darfur kule Sudan na sasa wanaishi Kasarani, Kayole ama Kilimani, na mmekubaliana mnataka kufanya kitu cha sanaa kuhusu mauaji ya kimbari lakini mmekwama penye kila mtu anataka yake. Mmoja anasema tuchore ukuta, mwingine anasema maonyesho ya picha, na kuna mama amekaa nyuma amenyamaza na yeye ndiye anajua kusuka agaseke, kile kikapu cha Rwanda chenye kifuniko. Nimeona hii mara nyingi na kusema ukweli pesa huwa si shida ya kwanza. Shida ni kwamba watu wanaongea kuhusu kazi mbili tofauti wakidhani ni moja.

Kazi ya kwanza ni kumfungua macho mtu asiyejua, mtu baki kabisa. Ya pili ni kutunza chenye kilitaka kumalizwa, yaani majina, nyuso, mitindo ya kusuka, rangi, ili mtoto aliyezaliwa Pumwani ajue watu wake walikuwa wanaishi vipi, si tu walikufa vipi. Raphael Lemkin, yule mwanasheria Myahudi wa Poland alitunga hilo jina la mauaji ya kimbari mwaka wa 1944, alitaka hata uharibifu wa utamaduni uingie kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa, lakini ulitolewa kabla mkataba haujapitishwa 9 Desemba 1948. Kwa hivyo huo upande wa urithi umekuwa ukiangukia watu wenyewe, na wasanii wao. Sasa sanaa moja inaweza kuwa kali sana kwa kazi ya kwanza na dhaifu kwa ya pili, na hapo ndio mnafaa mchague mkijua.

Na msidhani Nairobi iko mbali na hii stori. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa ile serikali iliyosimamia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi 1994, alikamatwa hapa hapa Nairobi Julai 1997, akapelekwa Arusha, akakiri, na 1998 akafungwa maisha. Saa hizi kuna wasanii wa Sudan walikimbia ile vita ilianza 15 Aprili 2023 na wako hapa wanachora. Wauaji walipitia hapa na manusura wanaishi hapa, huenda hata mmoja ni jirani yako kwa ploti.

Mambo ya kupimia

Nitaangalia kila njia kwa mambo matano na ni yale yale kwa zote: itaonwa na nani, manusura wanawekwa wapi, gharama na vibali, itadumu vipi, na inabeba urithi kiasi gani. La manusura ndilo mimi naweka mbele ya yote, na mtaona nimelikalia zaidi, juu ukikosea rangi unapaka tena lakini ukimuumiza mtu aliyepoteza familia yake yote hakuna kupaka tena.

Mchoro wa ukutani

Itaonwa na nani: kila mtu, na hii ndio nguvu yake. Mama mboga, makanga, mtoto akienda shule, askari, hakuna mtu anahitaji kualikwa wala kuvaa vizuri. Nairobi tunajua hii. Mwaka wa 2012 Boniface Mwangi na wasanii wenzake walichora wanasiasa kama tumbusi kwa ukuta katikati ya jiji na mji mzima ukaanza kuongea, watu ambao hawajawahi kuingia galeri hata siku moja. Na Kibera wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, Solomon Muyundo, yule wanaita Solo7, alikuwa anaandika jumbe za amani kwa kuta na mabati ya watu, rangi na brashi tu.

Manusura wanawekwa wapi: hapa kuwa mwangalifu, juu mtu anaweza kuamua asiingie kwa maonyesho lakini ukuta uko kwa njia yake ya kwenda kazini kila siku, hana pa kupitia. Ukichora panga na damu umemlazimisha kuishi na hiyo picha. Bruce Clarke alitatua hii vizuri sana kwa kazi yake ya Upright Men ya 2014, wakati Rwanda inakumbuka miaka 20. Alichora watu wakubwa, warefu, wamesimama wima kwa kuta za mahali penye watu waliuawa, wanaume, wanawake na watoto, hakuna silaha wala maiti, wamesimama tu kama watu wenye heshima yao. Unaelewa kila kitu bila kuonyeshwa mwili. Kama mtachora ukuta, ningewaomba muanzie hapo.

Gharama na vibali: rangi, ngazi ama jukwaa la kupandia, chakula ya wachoraji, na barua ya mwenye ukuta iwe imeandikwa, msikubali ya mdomo. Kanjo nao wataulizia. Alafu kuna kitu watu wa hapa husahau kila mwaka: kumbukumbu ya Rwanda inaanza 7 Aprili na hiyo ni katikati ya mvua ya masika, ukipanga kuchora wiki hiyo utachora maji. Choreni Januari ama Februari ukuta ukiwa mkavu, Aprili mje tu kufanya kumbukumbu mbele yake.

Itadumu vipi: si sana. Jua linakula rangi, mwenye nyumba anauza, anayekuja anapaka tangazo la simu. Hao tumbusi wa Nairobi walipakwa rangi juu. Khartoum ilikuwa mbaya zaidi, kuta karibu na makao makuu ya jeshi zilikuwa zimejaa michoro ya mapinduzi, na baada ya watu kuuawa pale 3 Juni 2019 michoro ikafutwa. Piga picha kali ya mchoro siku ile umekauka, hiyo picha ndiyo itabaki.

Inabeba urithi kiasi gani: kidogo, isipokuwa mmeleta mitindo ya watu wenyewe ndani, na hapo muulize wenyewe maana ya hiyo mitindo kabla ya kuipanga kwa ukuta kama mapambo.

Inafaa vijana wenye nguvu, wenye ukuta wa uhakika, na wenye wanataka mtaa mzima uulize "hii ni nini?"

Maonyesho ya picha

Itaonwa na nani: inategemea mtaweka wapi. Mkiweka Alliance Française, Goethe ama Makumbusho ya Kitaifa mtapata watu wazuri, wanasoma kila maandishi, wanauliza maswali, lakini wengi wao ni wale wale huzunguka maonyesho yote ya mji huu. Mkitaka mtu wa kawaida mtoe picha nje. Mradi wa Picha Mtaani ulifanya hivyo tangu 2009, ulizungusha picha za vurugu za uchaguzi barabarani bila kiingilio mji baada ya mji na watu walisimama wakalia, wakabishana. (Zile vurugu ziliua watu zaidi ya 1,100 na ni donda letu, lakini haziitwi mauaji ya kimbari na msiziite hivyo kwa bango lenu, hilo jina lina uzito wake wa kisheria na mkilitupa ovyo mtawapa nafasi wale hukana mauaji ya kimbari.)

Manusura wanawekwa wapi: hapa ndio ngumu kuliko zote na ningependa msome polepole.

Kwanza jiulize picha ilipigwa na nani. Zile picha za wafungwa wa gereza la S-21 kule Kambodia, la utawala wa Khmer Rouge miaka ya 1970, zile nyuso zinakuangalia moja kwa moja, zilipigwa na wauaji wenyewe, ilikuwa ni rekodi yao ya kazi. Zilipowekwa kwenye makumbusho ya MoMA kule New York mwaka wa 1997 watu wakauliza, na walikuwa na haki kuuliza, kama ni sawa kuzitundika kama sanaa wakati mwenye uso hakukubali hata kupigwa. Alafu 2021 msanii mmoja wa Ireland akaweka rangi kwa baadhi ya hizo picha na zingine akaziongezea tabasamu, mtu anaenda kuuawa na wewe unamchora akicheka. Wakambodia walikasirika, wizara yao ya utamaduni ikalaani, na zikaondolewa mtandaoni. Saa hii simu yoyote inaweza kufanya hiyo kazi kwa dakika moja kwa hivyo kubalianeni mapema kabisa kwamba hakuna kugusa uso wa mtu.

Kuna njia mbili za heshima nazijua. Moja ni ya Alfredo Jaar, msanii wa Chile, alienda Rwanda 1994 akapiga picha nyingi sana, akarudi akaona dunia imeshaona maiti na haijafanya kitu. Kwa kazi yake ya 1995 akafungia picha ndani ya masanduku meusi, juu ya kila sanduku akaandika maneno ya kueleza picha iliyo ndani, unasoma tu, huoni. Baadaye akaonyesha macho peke yake ya mama mmoja, Gutete Emerita, aliyeona mumewe na watoto wake wawili wa kiume wakiuawa kanisani Ntarama. Macho tu. Inakushika kuliko picha ya kaburi.

Ya pili ni ya Gisozi, pale kumbukumbu ya Kigali iliyofunguliwa 2004, penye zaidi ya watu 250,000 wamezikwa. Kuna chumba kimejaa picha za familia zililetwa na jamaa wenyewe, harusi, mtoto na baiskeli, kijana amevaa suti ya mtu mwingine imemzidi. Hizi hazionyeshi kifo hata kidogo, zinaonyesha maisha, na familia ndiyo iliamua ni picha gani. Kwa kikundi cha Nairobi hii ndio naona inawezekana zaidi, juu hamhitaji mpiga picha wa vita, mnahitaji albamu za watu na uvumilivu wa kukaa nao wakiwaambia.

Kama kuna watu walio hai kwa picha pateni idhini kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu, na hata bila sheria kuna wakimbizi hapa ambao uso ukionekana mtandaoni ndugu aliyebaki nyumbani anaweza kulipa.

Gharama na vibali: kuprinti River Road si ghali mkilinganisha na fremu, fremu ndizo humaliza pesa. Tumieni ubao mwembamba ama hata kamba na vibanio, hakuna mtu atawadharau. Tengeni pesa ya maandishi ya Kiswahili na Kiingereza chini ya kila picha. Mkiweka nje kwa barabara tena mko na kanjo.

Itadumu vipi: karatasi inapauka lakini faili inabaki kama mtaitunza, yaani kopi zaidi ya moja, na kila picha na jina la mtu, mahali na mwaka. Picha bila jina baada ya miaka 20 ni uso tu wa mtu fulani.

Inabeba urithi kiasi gani: zaidi ya venye watu hudhani. Argam Ayvazyan alizunguka Nakhchivan, eneo la Azerbaijan, kuanzia miaka ya 1960 akipiga picha makanisa na mawe ya kuchonga ya Waarmenia, zile khachkar, wakati hakuna mtu aliona haja. Makaburi ya Julfa, huko huko Nakhchivan, yalikuwa na maelfu ya hayo mawe na kufikia mwanzo wa 2006 yalikuwa yamevunjwa yote. Mawe yenyewe hayapo tena na tunajua yalikuwaje juu kuna watu walipiga picha.

Inafaa wenye wako na albamu, wazee walio tayari kuongea, na mtu mmoja makini wa kuandika majina bila kukosea.

Kazi ya mikono: imigongo, kusuka, kudarizi

Itaonwa na nani: mwanzoni wachache, wale wako ndani ya chumba wakifanya. Hii msione ni kasoro, ni aina tofauti ya hadhira.

Manusura wanawekwa wapi: mbele kabisa. Kwa zile njia zingine mara nyingi manusura ni mtu anayechorwa ama kupigwa picha, hapa yeye ndiye mwalimu na wewe mtoto wa Nairobi uliyesomea dizaini unaketi chini unafunzwa. Na mkono ukiwa na kazi mdomo unafunguka kwa wakati wake, mtu anaweza kusema sentensi moja kuhusu dada yake akiwa anavuta uzi na asiseme nyingine hadi wiki ijayo, hakuna anayemshikia kinasa sauti. Warohingya, wale Waislamu wa Myanmar zaidi ya 700,000 walivuka kuingia Bangladesh kuanzia Agosti 2017, wana kituo chao cha kumbukumbu za utamaduni ndani ya kambi za Cox's Bazar, na kimejaa vitu walitengeneza wenyewe: nakshi za uzi, vyungu, nyumba ndogo za mianzi mfano wa zile walichomewa.

Gharama na vibali: hapa mtafurahi. Imigongo ya Rwanda ni kinyesi cha ng'ombe kimechanganywa na majivu, kinapangwa kwa ubao kama matuta, kinakauka, kinasuguliwa, ndio kinapakwa rangi, nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Kinyesi hakikosi ukienda upande wa Dagoretti. Nyuzi na vitambaa ni Biashara Street ama Eastleigh. Kibali cha kanjo hakuna. Bei yake ni muda, miezi, na kikundi chenye hakina subira kitavunjika katikati.

Itadumu vipi: nguo inaliwa na nondo na unyevu, imigongo inameguka ikianguka. Lakini ujuzi wenyewe ukishaingia kwa mikono ya vijana kumi hao wanaweza kutengeneza tena, na hicho ukuta hauwezi.

Inabeba urithi kiasi gani: hapa hakuna mshindani. Imigongo ilikuwa karibu kupotea na baada ya 1994 ni ushirika wa akina mama kule mashariki mwa Rwanda, wengine wajane, walioifufua. Waherero wa Namibia, walioangamizwa na jeshi la Wajerumani kati ya 1904 na 1908 pamoja na Wanama, akina mama wao mpaka leo wanavaa yale magauni marefu na kilemba cha pembe mbili mfano wa ng'ombe, na wakitembea pamoja Okahandja siku ya kumbukumbu unaona taifa lililokataa kuisha.

Udhaifu wake lazima niuseme pia. Mtu baki akiona imigongo imetundikwa anaona urembo, hajui lolote kuhusu 1994, na mkianza kuuzia watalii Maasai Market hadithi inaanguka njiani inabaki pambo la sebule. Kuuza si dhambi, hawa mama wanahitaji kula, lakini kila kipande kiende na karatasi yake ya maelezo.

Inafaa familia na jamii zenye zinaogopa watoto wao wamesahau, na makanisa yenye yako na chumba na chai.

Kazi ya kushirikisha wapita njia

Hii nitaipitia haraka. Aida Šehović, msanii wa Bosnia, alianza 2006 kupanga vikombe vidogo vya kahawa kwa viwanja vya miji mbalimbali, wapita njia wanajaza kahawa kwa ajili ya waliouawa Srebrenica Julai 1995, na kikombe hakinywewi. Kufikia 2020 vikombe vilikuwa zaidi ya 8,000, idadi ya wafu. Itaonwa na nani: umati, na kila aliyepita amegusa. Manusura: vikombe vilitolewa na familia zenyewe. Gharama ni ndogo lakini kibali cha uwanja ni kazi, na mnahitaji watu wa kujitolea siku nzima. Inadumu siku moja. Urithi: inabeba desturi moja tu ya nyumbani, ila inaibeba sana. Ikiwavutia msiige vikombe, ulizeni wazee wenu ni kitu gani kilikuwa kinapitishwa mkono kwa mkono nyumbani na mjenge kutoka hapo. Inafaa kikundi kikubwa chenye pesa kidogo na ruhusa ya uwanja.

Sasa wewe uchague vipi

Kama mko na wiki chache tu kabla ya 7 Aprili, fanyeni picha za familia, ndani ya ukumbi, hata kama ni picha kumi na mbili. Ukuta hautakauka na kudarizi hakutaisha.

Kama lengo ni mtaa wenye haujawahi kusikia Darfur, chukueni ukuta, na muweke mchoraji wa Sudan aongoze, asiwe mgeni wa kualikwa siku ya kufungua.

Kama ni shule: msiwaambie watoto wachore mauaji ambayo hawakuyaona. Kuna michoro 500 ya watoto wa Darfur ilikusanywa 2007 kwa kambi za Chad na mahakama ya ICC ikaikubali kama ushahidi wa kuonyesha mazingira, lakini wale walichora chenye waliona kwa macho yao. Watoto wa hapa wapeni kazi ya mikono na mzee wa kuwafunza, ama wachore nyumba na shamba venye mzee amewasimulia.

Kama kikundi ni mchanganyiko wa manusura na watu wa jamii zingine na bado hamjaaminiana, anzeni na kazi ya mikono hata kama lengo lenu kubwa ni ukuta. Mitindo mtakayojifunza ndiyo mtapeleka ukutani mwaka ujao mkiwa mnajuana.

Kama mmepata mfadhili mkubwa na anataka sanamu ya kudumu, mwambieni asubiri. Kwa sanamu mnahitaji ardhi, makubaliano, na mtu wa kuitunza miaka 50.

Na kama manusura wenyewe wamegawanyika, wengine hawataki kitu cha hadharani kabisa, msipige kura. Kusanyeni tu picha na majina kwa sasa, skanini, andikeni nani ni nani na kijiji gani, wekeni kopi kwa familia. Mtu aliyekuwa na miaka 40 mwaka wa 1994 sasa ameshapita 70. Anzeni na aliye mkubwa zaidi kwa umri.